Injini ya Kurudi, Breki za Kwenda

Maziwa ya juu ya Bonga hushuka mlima yakiwa yamejaa, na madumu hupanda yakiwa matupu. Hesabu yote ya baiskeli ya injini niliyomtengenezea binamu yangu imo ndani ya sentensi hiyo, ingawa siku tunaanza kazi hakuna aliyeitamka. Kila aliyeingia uani kwa mjomba aliuliza kuhusu injini: inakimbia kiasi gani, inakunywa mafuta kiasi gani, mlimani inapanda au inakata pumzi. Hata fundi aliyekuja kuangalia fremu aliuliza hayohayo. Breki hazikuulizwa na mtu.

Kwa asiyeijua Babati: mji wetu umekaa njia panda. Barabara ya kaskazini inakwenda Arusha, ya magharibi inakwenda Singida, ya kusini inakwenda Kondoa na Dodoma. Ukishika hiyo ya kusini unaliacha ziwa na viboko wake, unaipita Bonga, kisha barabara inaanza kupanda kuelekea Bereko. Zamani kipande hicho kilikuwa vumbi na mawe, na masika kilikuwa tope. Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati ilizinduliwa mwaka 2018, tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini lami iliondoka na kitu. Ile barabara ya mawe ilikuwa breki. Mtu mwenye baiskeli na mzigo hakuweza kushuka kwa kasi hata angetaka, mashimo yangemtupa. Sasa kuna uso laini, mteremko uleule na baiskeli zilezile.

Baiskeli zenyewe ni Phoenix za Kichina na ndugu zake: fremu nyeusi nzito, keria pana nyuma, ringi za chuma zinazong'aa kwa kromu. Breki zake hazina waya. Zina fito za chuma zinazoshuka kutoka kwenye usukani. Ukivuta kishikio, fito inainua raba mbili zinazobana ringi kwa upande wa ndani. Zikiwa mpya hufanya kazi. Zikikaa miaka mitano kijijini nati zinadondoka, fito zinapinda, raba zinaisha na kubaki chuma kinachokwaruza chuma, na mwenye mali anachoka na kelele. Anazifungua zote na kuzitupa. Kuanzia hapo anatumia kandambili: mguu mmoja unaachia pedali, unaingia nyuma ya foki, soli inakandamizwa juu ya tairi la mbele. Soli ikitoboka, kandambili mpya dukani.

Mjomba amesimamisha baiskeli namna hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Hajawahi kuanguka, na ni jambo analolikumbusha bila kuulizwa.

Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa sina ugomvi na kandambili. Ugomvi wangu ni ule wa darasa la fizikia: nishati ya kitu kinachotembea huongezeka kwa mraba wa kasi yake. Chukua binamu mwenye kilo 60, baiskeli yenye injini kilo 30, madumu mawili ya lita 20 yaliyojaa kilo 45 hivi. Jumla 135. Kwa kilomita 15 kwa saa, breki zinatakiwa kumeza karibu jouli 1,200 ili mzigo huo usimame. Kwa kilomita 40 kwa saa zinatakiwa kumeza karibu 8,300. Kasi haijafika hata mara tatu, lakini kazi ya breki imefika mara saba. Na hapo hatujazungumzia muda wa kushtuka: katika sekunde moja ambayo mtu anaona mbuzi, anaelewa kuwa ni mbuzi na vidole vinafika kwenye kishikio, baiskeli ya kilomita 40 imeshakwenda mita 11.

Mlimani mambo ni mazito zaidi, maana breki hazizuii kasi mara moja na kupumzika. Zinashikilia. Mzigo wa kilo 135 unaposhuka kimo cha mita 250, nishati inayoachiliwa inakaribia ile inayochemsha lita moja ya maji kutoka ubaridi wa mtungini. Upepo unachukua sehemu, tairi zinachukua sehemu, kinachobaki kinageuka joto kwenye breki. Mpanda baiskeli mwangalifu, anayeshuka polepole, ndiye anayezipa breki zake sehemu kubwa zaidi, kwa sababu kwenye mwendo mdogo upepo hausaidii kitu. Ni chai ya watu wanne, na sufuria yake ni ringi au kisahani cha chuma chepesi.

Ndiyo maana nasema hesabu yote imo kwenye ile sentensi ya kwanza. Binamu alitaka injini kwa sababu ya safari ya kurudi. Asubuhi anashuka na lita 40, anazigawa mjini, kisha anasukuma baiskeli kwa mguu kurudi juu huku jua limeshapanda, na nusu ya siku imekwisha. Injini ingempandisha. Lakini injini ingempandisha na madumu matupu. Safari yenye mzigo, ile ya saa kumi na mbili asubuhi yenye ukungu na lami iliyolowa umande, haihitaji injini hata kidogo. Inahitaji kitu cha kuizuia.

Mtu atauliza kwa nini tusinunue pikipiki. Pikipiki mpya inavuka milioni mbili. Kuna za mkataba, unalipa kila siku kwa tajiri mpaka mwaka uishe na chombo kiwe chako, lakini mjomba ameona vijana wawili wa jirani wakinyang'anywa zao mwezi wa kumi na moja, na neno mkataba halitamkwi nyumbani kwake. Tulikuwa na laki sita. Katika hizo, laki tatu na ishirini zilikwenda kwenye injini: boksi la Kichina lenye injini ndogo ya mipigo miwili, kabureta, tangi la mafuta, klachi, cheni na sproketi kubwa ya nyuma. Boksi limeandikwa 80. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 47 na pistoni inasafiri milimita 38. Piga hesabu utapata sentimita za ujazo 66. Namba za kwenye maboksi zina tabia yake, na nilikumbuka hilo nilipoanza kupitia maboksi ya breki.

Ndani ya boksi la injini kulikuwa pia na kishikio kimoja cha breki chenye matundu mawili ya waya. Kimewekwa kwa sababu mkono wa kushoto umeshapewa klachi, na mkono wa kulia una kazi ya mafuta, kwa hiyo kishikio hicho kimoja cha kulia kinavuta breki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Ni ubunifu mzuri kwenye karatasi. Vidole ni vilevile vinne, na nguvu yake sasa inagawanywa sehemu mbili. Halafu pini ya kile kishikio ikikatika, breki zote mbili zimeondoka pamoja. Nilikiweka pembeni na hakijatoka huko hadi leo.

Mjomba alitaka injini ifungwe kwenye Phoenix yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Nasikia umeikataa baiskeli yangu."

Ndivyo tunavyoitana, yeye mjomba kwangu na mimi mjomba kwake, na ukisikia ameanza na baiskeli kabla ya kuuliza habari za nyumbani ujue amekaa na neno hilo usiku kucha.

Sikuikataa kwa ubaya. Fremu ya Phoenix ingebeba injini vizuri kuliko fremu nyingi za siku hizi, na nilimwambia hivyo. Tatizo ni ringi. Chuma chenye kromu kikikauka kinashikika. Kikilowa, raba inateleza juu yake kama sabuni, na gurudumu linaweza kuzunguka mara kadhaa kabla maji hayajafutika na breki kuanza kushika. Kwa baiskeli ya miguu, mizunguko hiyo ni hatua chache za wasiwasi. Kwa mwendo wa injini ni urefu wa nyumba, ni mtoto aliyekuwa anavuka. Ringi za alumini hazina ugonjwa huo kwa kiwango kile, na zinapoteza joto haraka. Lakini fito za Phoenix zimetengenezwa kwa umbo la ringi yake. Ukibadilisha ringi umebadilisha breki, na ukishabadilisha breki za mbele na nyuma, Phoenix iliyobaki ni fremu na kumbukumbu.

"Wachina wametengeneza injini ya kufungwa kwenye baiskeli," alisema. "Na hii ni baiskeli ya Wachina. Wewe ndiye unayeona tatizo."

Nilimweleza habari za Soichiro Honda, kwa sababu mjomba huheshimu sana jina hilo. Mwaka 1946, Japani ikiwa magofu baada ya vita, Honda alikuta shehena ya injini ndogo za jenereta zilizokuwa za redio za jeshi, akaanza kuzifunga kwenye baiskeli huko Hamamatsu. Watu walizigombania, maana usafiri haukuwepo. Mwaka 1949 kampuni yake ikatoa Dream, na hiyo haikuwa tena baiskeli iliyofungwa injini. Ilikuwa na fremu yake yenyewe. Njia ileile imepitwa na kila aliyeanza na baiskeli: kadiri injini inavyokua, kila kilichotengenezwa kwa kipimo cha miguu ya mtu kinaanza kulalamika, na breki hazina sauti ya kulalamika kabla ya siku yenyewe.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza huyo Honda alianza na baiskeli ya nani.

Mwishowe tulipata baiskeli ya gia ya mtumba kwa laki na thelathini, yenye ringi za alumini na, jambo lililonifanya nisibishane sana na muuzaji, foki ya mbele iliyotobolewa kiwandani sehemu ya kufunga breki ya diski. Zikabaki laki moja na nusu. Fundi wetu, mtu mwenye mikono ya ajabu, alipendekeza tuokoe pesa kwa kufunga gurudumu la mbele la pikipiki, lenye breki yake ya dramu. Wazo si la kijinga. Dramu imefunikwa, matope na mvua haviingii kirahisi, na viatu vyake vinadumu. Lakini ekseli ya pikipiki ni nene kuliko nafasi ya foki ya baiskeli, na hata ukipanua na kuchomelea, kuna lile jambo ambalo jicho halilioni: breki ya kwenye habu inapokamata, inataka kuizungusha foki pamoja na gurudumu, na nguvu hiyo yote inatua kwenye mguu mmoja wa foki. Bomba la foki ya baiskeli ya kawaida ni jembamba. Foki iliyoandaliwa kwa diski imeongezewa chuma mahali hapo. Nyingine haikuandaliwa, na kuchomelea hakuongezi kilichokosekana.

Nyuma hatukuwa na uhuru mkubwa. Sproketi ya injini inafungwa kwenye spoki za upande wa kushoto, ikiwa imebanwa kwa bolti tisa na mipira kati yake ili isizikate. Upande huohuo ndipo diski ya nyuma ingekaa. Haviwezi kukaa vyote viwili bila kununua habu maalumu, na habu maalumu haikuwa ndani ya laki na nusu. Breki ya kurudisha pedali nyuma, ambayo baadhi ya baiskeli za mtumba kutoka Ulaya huja nayo, ina mkono wa chuma unaofungwa kwenye fremu, nao uko kushoto vilevile. Halafu breki hiyo inategemea cheni ya pedali: cheni ikiruka, breki imeruka nayo. Kwenye mteremko mrefu habu yake ndogo inapata moto hadi grisi inaungua. Kwa hiyo nyuma ilibaki breki ya V, ile yenye mikono miwili inayosimama kandokando ya tairi na kubana ringi kutoka pande zote mbili. Ni rahisi, ina nguvu, na raba zake zinauzwa kila duka la baiskeli Babati. Inadai kitu kimoja tu, ringi iwe imenyooka. Na gurudumu lenye sproketi iliyobanwa kwenye spoki halikai limenyooka bila kuangaliwa. Spana ya spoki ikawa sehemu ya vifaa vya binamu.

Ubishi ulibaki mbele. Fundi na mjomba, ambao hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, walikubaliana hapa: weka V mbele na nyuma. "Ukiwa na breki za namna mbili," mjomba alisema, "una vipuri vya namna mbili na maduka mawili ya kwenda. Mimi nina ng'ombe. Sina muda wa maduka mawili."

Hoja hiyo ina uzito kuliko wanavyodhani watu wanaosoma habari za vifaa kwenye simu. Breki bora duniani ambayo pedi zake ziko Arusha, na wewe uko juu ya Bonga Jumapili jioni, si breki. Pedi za diski za baiskeli Babati ni za kubahatisha. Raba za V ni za uhakika. Na V nzuri kwenye ringi ya alumini kavu inasimamisha karibu sawa na diski ya bei rahisi. Atakayekwambia tofauti ni mbingu na ardhi anauza diski.

Nilichagua diski mbele kwa sababu nyingine. Mvua inaponyesha inalowesha ringi zote mbili kwa wakati mmoja. Tope linapaka zote mbili. Mteremko unaopasha moto ringi ya mbele unapasha na ya nyuma, na joto la ringi linaishia kwenye tyubu. Breki mbili za aina moja zina udhaifu mmoja, na siku udhaifu huo unapoamka unazikuta zote mbili. Diski iko juu, karibu na habu, mbali na dimbwi. Inaweza kuzidiwa na joto, pedi zake zinaweza kuisha au kupakwa oili, lakini hayo si magonjwa ya ringi. Ringi inaweza kupinda kwenye shimo, lakini huo si ugonjwa wa diski. Nilitaka breki mbili zisizokufa kwa ugonjwa mmoja. Na ya mbele ndiyo ilipaswa kuwa ile isiyojali mvua, kwa kuwa breki ikikamata uzito wote unaegemea mbele na gurudumu la nyuma linabaki jepesi, tayari kuteleza.

Diski ya waya, ya milimita 160, pamoja na habu yake na kufumwa upya kwa gurudumu, ilikula elfu themanini na tano. Nikanunua jozi tatu za pedi siku hiyohiyo, kwa heshima ya hoja ya mjomba. Breki ya V ya nyuma, waya mpya na maganda yake, elfu ishirini na mbili. Waya mpya ulikuwa na ubishi wake pia: fundi alisema ule wa zamani bado mzima. Uliisha kutu ndani ya ganda, mahali pasipoonekana, na waya unaokwama ndani ya ganda unakula nguvu za vidole kabla hazijafika kwenye breki. Kishikio cha mbele kikakaa kulia peke yake. Cha nyuma tulikifunga kushoto, chini ya klachi, kimesogezwa kidogo ndani ili vidole viwili vikipate bila kuachia usukani. Vishikio vyote viwili ni vya aina inayovuta waya mrefu, maana V na diski nyingi za waya za baiskeli za gia zinataka hivyo. Ukifunga kishikio cha breki za zamani za kubana, kinafika usukanini kabla raba haijamaliza safari yake.

Injini nayo isitegemewe kushikilia mlimani. Ya mipigo miwili haina ushikaji wa maana ukiachia mafuta, na oili inayolainisha pistoni yake inaingia pamoja na petroli. Ukishuka kilomita kadhaa mafuta yamefungwa huku injini inazungushwa na gurudumu, inazunguka kwa kasi ikiwa na oili kiduchu. Kwa hiyo binamu anashuka injini imezimwa na klachi imefungwa kwa kile kitufe chake. Anashuka kama baiskeli, akiwa na mzigo wa baiskeli na uzito wa ziada wa injini isiyomsaidia kitu muda huo. Anavaa helmeti. Leseni ya pikipiki anayo. Suala la namba ni refu, kwa sababu chombo kikishafungwa injini kinaacha kuwa baiskeli mbele ya sheria, na nitaliandikia peke yake nikipata nguvu.

Siku ya kuijaribu ilikuwa Jumapili baada ya ibada, kwenye kipande cha barabara ya vumbi kilicho tambarare nyuma ya shamba la mjomba. Tulijaza madumu maji badala ya maziwa. Tuliyajaza hadi shingoni, kwa sababu dumu lenye nafasi linasukasuka, na ukikamata breki yale maji yanakuja mbele nusu sekunde baadaye kama mtu aliyekusukuma mgongoni. Simu ilifungwa kwenye usukani ionyeshe kasi. Tukaweka jiwe jeupe mahali pa kukamata breki. Mjomba alijiteua mwenyewe kuhesabu hatua, kwa sababu, alisema, mimi nina miguu mirefu na ningeipendelea mashine yangu.

Kwa kilomita 30 kwa saa, binamu akitumia breki ya nyuma peke yake, mjomba alihesabu hatua 24 na akaniangalia. Mbele peke yake, hatua 13. Zote mbili, 11. Alirudia kuhesabu ile ya mwisho akitokea upande wa pili.

Kisha akasema tuijaribu Phoenix. Hakuna aliyemwomba. Ilikuwa bado na fito zake za mbele, ambazo alikuwa amezirudisha wiki ileile na kuzikaza, nadhani kwa ajili ya siku hiyo. Tulihamishia madumu. Binamu alikanyaga mpaka kilomita 20 kwa saa, zaidi ya hapo hakuweza na mzigo ule, akakamata. Hatua 14, kwa kasi ndogo zaidi. Si vibaya kwa baiskeli ya umri wake, nikamwambia, na nilimaanisha. Mjomba akachukua kikombe cha maji kutoka kwenye dumu, akainama, akaimwagia ringi ya mbele huku akiizungusha taratibu kwa mkono mpaka ikalowa yote. "Tena," akasema.

Tulihesabu pamoja mpaka 30, kisha tukaacha kuhesabu kwa sauti. Binamu alikuwa ameshateremsha kandambili.

Hakusema nimeshinda, wala sikuwa nimetarajia aseme. Alisema twende tukale. Lakini jioni ile, tukiwa tumekaa nje, aliuliza jambo ambalo lilinionyesha kuwa ameshalipeleka mbali kuliko mimi: pedi zile ndogo zikiisha katikati ya mlima, binamu atajuaje? Nikamweleza kuwa kishikio kitaanza kusogea karibu na usukani, na kwamba kila jioni inabidi achungulie unene uliobaki. Ukifika milimita moja ya raba yenyewe, zinatoka. Akataka kuona milimita moja. Tulitafuta rula ya shule ya mdogo wao. Aliishika mbele ya taa, akafunga jicho moja.

Sasa ni mwezi wa tano. Binamu ana mahali pawili pa kusimama wakati wa kushuka, hata kama hakuna mteja hapo. Anasimama, anashuka, anamwagia diski matone mawili ya maji kwa kidole. Yakikauka kwa kuchachamaa, anakaa kwanza. Yakitiririka, anaendelea. Kipimo hicho hakikutoka kwangu. Nilikuwa nimemwambia ahesabu dakika tano, naye akaniambia dakika hazijui kama leo madumu ni mawili au matatu.

Jozi ya kwanza ya pedi iliisha wiki ya saba, mapema kuliko nilivyokisia, kwa sababu masika yalileta tope na tope linasaga pedi kama mchanga. Ya pili ilidumu zaidi. Za akiba zinaletwa kutoka Arusha kwa basi, ndani ya bahasha, na mjomba ndiye anayekwenda kuzipokea stendi. Anasema kondakta akimkabidhi kijana zitapotea. Anazihifadhi kwenye kopo la majani ya chai pamoja na karatasi za hesabu za maziwa. Wiki iliyopita alinipigia simu saa mbili usiku. Hakuanza na habari za nyumbani. Alitaka kujua kama kuna foki yenye matundu ya diski inayoweza kuingia kwenye kichwa cha Phoenix, na ni shilingi ngapi.